Soseji za Duilio

Jiko lilikohoa, likazimika tena. Nives alikuwa ameshazoa majivu, amepangusa kiwashio na kuzibua bomba la moshi, na bado punje za mbao zinazolilisha moto hazikushuka.

"Tumwite fundi," alisema mumewe, Duilio, kajikunyata ndani ya koti.

"Fundi ni mimi. Tulia."

Akachomoa waya wa umeme, akamwaga punje zote, akapenyeza mkono hadi kwenye parafujo inayozisukuma. Ilikuwa imekabwa na uji mgumu wa unga wa mbao. Punje zimelowa. Zimelowaje, na magunia yake yamo stoo ya chini?

Akashuka. Sakafu ilijaa maji, na juu yake zilining'inia soseji ambazo Duilio huzikausha kila majira ya baridi.

"Namwaga maji sakafuni kila asubuhi," Duilio alikiri kutoka ngazini. "Bila unyevu, soseji zinakakamaa."

Nives akarudi juu kwenye jiko. Akaikwangua parafujo kwa bisibisi mpaka ikazunguka, akatia punje za mojawapo ya magunia yaliyosalimika, akachomeka waya, moto ukashika. Kisha akapandisha magunia makavu chumbani, akayalaza kitandani upande wa mumewe.

"Sasa mimi nilale wapi?"

"Chini, na soseji zako. Huko hutakakamaa."