Risasi Nyembamba na Harusi ya Nelima

Usiku wa kuamkia harusi ya binti yangu Nelima, niliota nimerudi mjini, kwenye duka la silaha nililonunulia bastola yangu mpya. Muuzaji alikuwa mkoba wa bastola, wa ngozi, amefunga tai. Juu ya kaunta walikaa risasi wawili: wa zamani, yule mnene wa milimita tisa, na wa kisasa, mwembamba, anang'aa.

"Mzee, umeniacha kwa kosa gani?" akauliza yule mnene. "Mimi napatikana kila duka. Huyu akikuishia utamtafuta wapi?"

"Sisi tunaingia wawili zaidi kwenye magazini ya bastola," mwembamba akamjibu. "Na bastola yetu haivimbi chini ya koti. Sheria inasema silaha isionekane."

"Na anayeibeba?" nikauliza.

"Naye pia," mkoba akasema, akanifungulia mlango.

Naichomeka bastola kiunoni. Mkono unapotea. Kiuno kinapotea. Natoka dukani, natokea kanisani.

Nelima amesimama mlangoni na shela lake, anazungusha macho. Mchungaji anauliza nani anamleta bibi harusi.

"Mimi!" napaza sauti. Hakuna anayegeuka.

"Siku ya mahari huyo baba yake alikuwa na mdomo," ananong'ona shangazi wa bwana harusi. "Leo kajificha."

Shemeji yangu Makokha, ambaye tangu posa anatamani kumsindikiza Nelima yeye mwenyewe, anaiweka sawa tai yake. Moyo unaniuma, sitanii. Binti ni mmoja, na siku yenyewe ni hii.

"Tokeni," nawaambia risasi walio ndani ya bastola.

"Na wezi wakija?"

"Wezi gani kanisani?"

"Si huyo Makokha?"

Hapo walikuwa na hoja. Nawatoa hata hivyo, mmoja mmoja, nawaweka kwenye sahani ya sadaka. Wa kwanza ananirudishia viatu. Wa pili, magoti. Kwaya inaona suruali ikisimama peke yake na haipotezi hata noti moja ya wimbo. Narudi mwili mzima mpaka shingoni, lakini risasi wa mwisho ameng'ang'ania humo ndani, na bila yeye kutoka sina kichwa.

Makokha tayari ameinua kiwiko. Nelima anatazama chini.

"Hivi viatu ni vya baba," anasema, na ananishika mkono. "Twende, baba. Kichwa kitakuja baadaye."

Nikaamka kumekucha. Nikaoga, nikavaa suti, Mama Nelima akaja kunifunga tai. Alinipapasa shingo kama mtu anayetafuta swichi umeme ukiwa umepotea.

"Simama vizuri, Baba Nelima. Mbona sikuoni?"

Nikaenda kwenye sefu. Bastola niliyoijaza jioni kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa na risasi moja tu. Nikaitoa hiyo risasi, nikaiacha bastola humo humo, nikafunga.

Nilipogeuka, mke wangu akanitazama usoni, akapiga yowe.

"Ai, Baba Nelima! Kumbe hata ndevu hujanyoa!"