Mji Unaotosha Wawili

Jumanne ya tatu ya Januari, saa kumi na mbili na robo asubuhi, theluji ilianguka chumbani kwa Tichaona na Nyaradzo, mtaa wa Mkoba, mjini Gweru. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma na foleni ya maji kisimani ilikuwa imefika kwenye geti la kanisa. Ndani, theluji ilitoka darini taratibu, ikalala juu ya blanketi kwa kimo cha vidole vinne. Nyaradzo aliamka, akakung'uta nywele, akazitafuta kandambili zake kwa mguu.

"Shumba," alimwita mumewe kwa jina la ukoo wake, kama alivyomwita tangu aolewe. "Jana tulikubaliana mji gani?"

"Aberdeen," alisema Tichaona, macho bado yamefumba.

"Basi umefika."

Nyaradzo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, na alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee huko Uingereza kupitia wakala mmoja wa Harare. Wakala alimpa miji mitatu yenye nafasi. Achague, ajibu, mambo yaende. Mtu mwingine angejibu hapo hapo, lakini Tichaona alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na saba, na mwalimu wa jiografia ukimpa orodha ya miji usitegemee jibu siku hiyo. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita. Kila mji akaupa kurasa zake: kodi, nauli, unga, gharama ya kupasha nyumba joto. Pembeni mwa kila bei aliandika "mara mbili" na kupiga mstari chini yake, maana hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

Kaka yake alitangulia Johannesburg mwaka 2008, akamwambia mkewe atamfuata akishapata chumba. Mke yule yuko Shurugwi mpaka leo anasubiri chumba. Tichaona na Nyaradzo walikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa, hawana mtoto, na jioni kila mmoja alikuwa na mtu mmoja tu wa kula naye. Walikuwa wamekubaliana kwamba wanaondoka wote, au hawaondoki.

Theluji ilikuja na vitu vyake. Kitanda kilikuwa kimepanuka hadi karibu na kabati, kina mito miwili mipya. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoano mbili za makoti, na dirishani vikombe viwili vya kaure, vyote vina mikono. Nyaradzo alivishika kimoja kimoja, akavirudisha.

Saa mbili jirani yao, Mai Gumbo, alibisha hodi na kilo mbili za nyama ya ng'ombe kwenye mfuko.

"Umeme haujarudi tangu Jumapili," alisema. "Nasikia kwenu kuna baridi."

"Weka chini ya dirisha, Mai Gumbo. Ila vua viatu, usinikanyagie."

Kufika adhuhuri kulikuwa na nyama za nyumba saba, kila mfuko umeandikwa jina la mwenyewe. Tichaona alipeleka beseni la theluji shuleni. Kidato cha pili wakaigusa kwa zamu, wakaandika notsi. Mkuu wa shule akaomba kipande cha kutia kwenye soda yake.

Jioni ile walikaa kwenye sadza, ugali wa kwao, na mboga, daftari katikati ya sahani.

"Kupasha joto kutatumaliza, MaMoyo," alisema Tichaona, naye akimwita mkewe kwa jina la ukoo alikotoka. "Hebu ona hapa."

"Tutavaa masweta."

"Sweta unalala nalo?"

"Nitalala na wewe," alisema Nyaradzo. "Shumba, kitanda ni kikubwa. Tuandike tumekubali, tuondoke."

"Hatuhamii kitanda, tunahamia mji. Tusikurupuke."

Alipiga mstari juu ya Aberdeen kwa rula. Theluji iliyeyuka Ijumaa, ikapitia chini ya mlango hadi kwenye bustani ya mchicha. Majirani walikuja kuchukua nyama zao huku wakinung'unika. "Mwalimu, na wewe! Ungetuambia mapema tukaushe," alisema Mai Gumbo. Godoro walilianika siku mbili.

Mji wa pili, Hull, aliuchambua wiki tatu. Uliingia siku ya Alhamisi, kupitia jikoni: ukungu mzito wenye harufu ya samaki, na shakwe wawili waliokaa juu ya jiko lisilo na umeme wakidonoa ukoko wa sadza. Safari hii vikombe vilikuwa viwili, ila kimoja kimekatika mkono. Viti viwili, kimoja kiti na kingine kigoda. Kitanda kilikuwa kimepungua, hata mmoja akigeuka ilibidi na mwenzake ageuke.

Nyaradzo aliyaona haya yote. Alisubiri mumewe amalize kunawa mikono.

"Mji wa kwanza ulikuwa na vikombe viwili vizima," alisema.

"Ulihesabu vikombe?"

"Wewe umehesabu kila kitu isipokuwa vikombe."

"Nauli ya basi huko ni wizi, MaMoyo. Ya watu wawili, kila siku? Tutafika tuanze kukopa? Nipe muda kidogo. Nauona mji mzuri hapa."

Alikuwa anausema Sunderland. Mji wa bei nafuu kuliko yote, ukurasa baada ya ukurasa. Alipiga hesabu mara tatu, akampa na mwalimu wa hisabati azirudie, na kila mara zilitosha watu wawili na kubaki kidogo cha kumtumia shemeji wa Shurugwi. Tichaona alirudi nyumbani Jumatatu ya pili ya Machi akipiga mluzi. Watu wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kumsikia akipiga mluzi.

Alimkuta Nyaradzo chumbani amekaa, nguo zimelowa. Mji ulikuwa umekwishaingia. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha kutoka darini, na ukutani ilitokea njia ya matofali mekundu, ndefu, yenye milango iliyofungwa pande zote. Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja. Ndoano moja, kikombe kimoja.

Tichaona alivuka kizingiti aende kumkumbatia, akajikuta amesimama barazani, kando ya mapipa ya maji. Akarudi ndani, akapita sebuleni, akaingia tena chumbani. Barazani. Mara ya tatu aliingia kinyumenyume, ikawa vile vile. Basi akavuta kiti akakaa nje ya dirisha.

"Wakala amepiga simu," Nyaradzo alisema kutoka ndani. "Sheria imebadilika leo. Wanaokwenda kutunza wazee hawaruhusiwi tena kwenda na mume wala mke."

"Sema tena."

Akasema tena. Kisha akamweleza na lile lililobaki, maana hakuwa na desturi ya kumficha. "Amesema tungejibu Januari tungeingia wote. Ameuliza, kwani mlikuwa mnangoja nini?"

Tichaona aliangalia mapipa ya maji. Aliumia, na aliumia zaidi kwa kuwa wakala aliuliza kwa adabu.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi na daftari langu."

Nyaradzo alitaka kusema si wewe, lakini hakuzoea kumdanganya. Akapitisha mkono dirishani akamshika bega, mkono wa baridi wenye maji, wakakaa hivyo hadi saa ya kupika.

Siku nne Nyaradzo alisema haendi. Mji haukumjibu, wala haukuondoka. Mvua ilisogea hadi jikoni. Friji na makochi vilikuwa vimeshauzwa, ng'ombe wawili waliotolewa na shangazi wa Tichaona walikuwa wameshaishia kwa wakala, na wakala harudishi. Siku ya tano Nyaradzo alikwenda hospitali kuomba kazi yake. Matroni alimpokea amevaa koti zito. Ofisini kwake kulikuwa na ukungu, faili zimelowa.

"Nafasi yako imefutwa, mwanangu," alisema matroni. "Na mimi mwenyewe naondoka Mei. Nenda. Humu wodini hata glavu zimekwisha, tunaosha zile za jana."

Jumamosi alifika yule shangazi, Tete Kuda, kutoka kijijini, na ugoro wake kwenye kitambaa. Msafiri haondoki kwao kabla wazee waliokufa hawajaambiwa jina lake na mahali anapokwenda, na kazi ya kuwaambia ni ya shangazi. Alimkuta Tichaona barazani anakula peke yake.

"Umefukuzwa?"

"Mji umenikataa, Tete."

"Na mkeo?"

"Unamtaka."

Tete Kuda alivua viatu, akaenda hadi mlango wa chumba, akapiga magoti. Alipiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa, kama anavyoamkiwa mkwe. Mvua ilimlowesha kilemba. Alipoona makofi yametosha, alisema:

"Wewe uliyemo humu. Huyu tulimtolea ng'ombe saba kwa watu wa Moyo. Ukoo wetu hatuchukuliani wanawake kimya kimya. Anayetaka mtu hutuma mshenga, na mshenga husema. Wako yuko wapi?"

Njia ya matofali ilikuwa kimya. Tete hakukasirika, maana wakwe wengi huanza kwa ukimya. Aliagiza sahani ya mti, ile ile iliyowekewa mahari ya Nyaradzo, akaitua kwenye kizingiti ikiwa tupu.

"Weka cha kufungulia mdomo," aliuambia mji. "Kingine tutazungumza."

Walisubiri siku nzima, na kesho yake pia, Tete amekalia mkeka, Nyaradzo amekalia kile kitanda chembamba, Tichaona yuko dirishani. Jumatatu asubuhi kulikuwa na karatasi kwenye sahani, imelowa pembeni. Tete aliazima miwani ya Tichaona akaisoma polepole, neno kwa neno. Kipimo cha kifua kikuu. Ada ya viza. Tiketi. Amana ya chumba cha mtu mmoja. Mlipaji: mwanamke.

Aliisoma tena, akaigeuza nyuma aone kama kuna zaidi.

"Anachukua mke wa watu, halafu anatudai sisi?"

"Ndiyo, Tete."

"Na wakwe wa namna hii huku mjini mnawaitaje?"

"Tunawaita waajiri," alisema Tichaona.

Tete Kuda aliuliza tu kama wanaweza kubembelezwa, akaambiwa hapana. Tichaona aliuza baiskeli, na kaptula za Kidato cha Kwanza alizokuwa anawashonea wanafunzi akaziuza kwa bei ya hasara. Zikatosha. Tete alimwaga ugoro sakafuni, akawaambia wazee jina la Nyaradzo na jina la mji, akalirudia jina la mji wasije wakapotea njiani. Alikuwa ameleta ugoro wa majina mawili. Uliobaki aliunusa mwenyewe, akapiga chafya nyingi, akasema machozi yale ni ya chafya.

Nyaradzo aliondoka Jumapili alasiri. Alivaa koti lililokuwa kwenye ndoano. Lilimtosha kabisa, na hilo lilimchukiza. Sanduku lilikuwa moja. Alikwenda dirishani.

"Utakula nini jioni?"

"Kuna dagaa."

"Usizidishe chumvi, Shumba. Unajua presha yako."

"Sizidishi."

"Ungeniambia nisiende, sijui ningefanyaje."

"Ndiyo maana sisemi," alisema Tichaona. Alimshika uso kwa mikono miwili kupitia nondo za dirisha, akautazama kwa makini. Alikuwa anajifunza umbali kati ya jicho na jicho. Nyaradzo alilia waziwazi, kamasi na yote, wala hakujifuta.

Kisha akabeba sanduku, akaingia kwenye njia ya matofali. Tichaona alimwona akipita mlango wa kwanza, wa pili, wa sita. Kwenye mlango wa kumi na moja aligeuka akapunga mkono, akaufungua kwa ufunguo aliokuwa nao mfukoni, akaingia. Mvua ilikata. Ukuta ulirudi kuwa ukuta, una ufa wake wa zamani.

Tichaona alizunguka, akaingia chumbani kwa mlango bila shida yoyote. Kitanda kilibaki cha mtu mmoja.

Wiki iliyofuata Mai Gumbo alikuja na kuku aliyekwishanyonyolewa.

"Baridi imekwisha?"

"Imekwisha, Mai Gumbo."

"Basi nampelekea matroni, kwake kuna ukungu mpaka Mei. Na kwa yule daktari wa meno theluji imeanza jana." Alisimama kidogo, kuku akining'inia. "Ndiye aliyenizalisha Tapiwa, mkeo. Usiku hauna taa, kwa tochi ya simu. Pole, Mwalimu."

"Asante."

Alipoondoka, Tichaona alitoa lile daftari chini ya godoro. Hakuwa na sababu, ila mkono ulizoea saa ile. Alianza ukurasa wa kwanza na kifutio, akafuta "mara mbili" kila ilipoandikwa, akapiga hesabu upya. Aberdeen ilitosha, hata na joto lake. Hull ilitosha, nauli na yote. Sunderland ilitosha na kubaki. Kwenye ukurasa mtupu wa mwisho akaandika Gweru, akapanga unga, maji, mafuta ya taa, na mshahara wa mwalimu ulivyo.

Kwa mtu mmoja, hata Gweru ilitosha. Alirudia hesabu akapata vile vile. Akafunga daftari, akachukua ndoo, akaenda kupanga foleni ya maji.