Hesabu Isiyorudi Mwanzo

Jumanne, 14 Novemba. Irbid, mji wetu huku Jordan, imeamka na mvua nyembamba na baridi ya kung'ata vidole.

Kesho jioni mwalimu wangu wa masomo ya usiku anataka hesabu ya mafuriko ya bonde letu. Nikiikosa narudia mwaka, nami nina miaka hamsini na mbili. Hesabu yenyewe ni kubwa, kwa hiyo nimeigawa kwenye kompyuta tano za ofisi yetu ya maji. Mkuu aliruhusu kwa sharti moja: ifanye kazi pale tu mwenye kompyuta ameiacha. Akigusa kipanya, hesabu inafukuzwa. Na kwa kuwa vipande vinasubiriana, kimoja kikifukuzwa vyote vinaanza upya.

Leo vimeanza upya mara tatu, na mara zote ni kwa Mama Jawad.

"Mama Jawad, nilikuomba nusu saa tu."

"Nilikuwa naangalia saa, Baba Rakan."

"Saa ipo ukutani."

"Hiyo imekufa tangu Ramadhani. Wewe si ndiye msomi wetu? Ifufue basi."

Ghazi wa meza ya pili alicheka mpaka akamwaga chai. "Mfunge mikono, ndugu yangu."

Nilikwenda kutawadha na hasira zangu, na yale maji ya baridi hayakuzipoza.

Katika rakaa ya pili ya adhuhuri imamu alitokwa na damu puani. Akarudi nyuma, akamvuta Ghazi mkono. Ghazi akasogea mbele akaendelea palepale. Hakuna aliyerudia rakaa ya kwanza.

Mungu anisamehe, rakaa zilizobaki niliswali nikiwaza kompyuta.

Niliporudi niliirekebisha programu: kila kipande kihifadhi kilipofikia, na kikifukuzwa, kompyuta nyingine iliyo wazi ikiendeleze kuanzia hapo. Nikaiwasha. Mama Jawad akaingia, akashika kipanya, akanitazama akingoja kugombezwa. Kipande chake kikahamia kwenye kompyuta ya Ghazi, aliyekuwa bado nje anakula chakula cha mchana. Hesabu haikusimama. Kabla ofisi haijafungwa ilikuwa imekamilika.

"Mbona leo umenyamaza?" akauliza Mama Jawad.

"Sina neno nawe tena."

"Sema mbele ya Ghazi. Kesho utanigeuka."

Nikasimama. "Ghazi, shuhudia. Inshallah, sitamwambia tena Mama Jawad aiache kompyuta yake. Na hiyo saa nitaitengeneza kesho, kabla sijaenda darasani."