Mkaratusi Ulioshika Blanketi

Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka Kitangari, Sikuzani aliinjika sufuria ya majani ya mkaratusi. Mafua yalikuwa yamemziba pua tangu kusi ianze kuvuma, na kifua kilimbana. Maji yalipochemka aliipua sufuria, akaiweka mkekani, akaketi mbele yake na blanketi mapajani. Hapo akakumbuka kwamba hakuna wa kumshikia.

Kujifukiza ni kazi ya watu wawili. Mmoja huinama ndani. Wa pili hukaa nje, akikaza pembe za blanketi mvuke usitoke, huku akimsemesha aliye ndani. Humsemesha habari za mikorosho, za harusi, hata umbea, kwa sababu mtu aliyefunikwa katika joto lile anaweza kuzimia, na akiacha kuitikia hufunuliwa haraka. Miaka yote aliyeshika alikuwa binti yake, Ziada. Tangu biashara ilipoachiwa huru, Ziada alikuwa Masasi akiuza mitumba, na mwaka ule hakuwa amepanda mlimani kumwona.

Sikuzani akajifunika hivyo hivyo. Mvuke ukatokea mgongoni.

Mkaratusi uliokuwa uani ukainama. Uliingiza kilele mlangoni, ukatandaza matawi, ukakaza pembe zote za blanketi. Shina lililozidi lilibaki nje, na kuku wakalizoea upesi.

Jirani yake Hamudi alikuwa akienda kupanda gari, akatafute salfa ya kupulizia mikorosho kwa wafanyabiashara wa Masasi.

"Hodi! Shikamoo, Mama Ziada."

"Marahaba," Sikuzani akajibu kutoka ndani ya blanketi.

"Naona mti umeingia."

"Umeingia. Kaa basi, nisemeshe kidogo."

"Gari litaniacha, mama."

"Ukifika, mwambie Ziada nina mafua. Aje anishikie."

Hamudi aliruka shina, akachuma majani ya kumfukizia mkewe, akaenda zake.

Ziada alifika Jumapili. Hamudi alikuwa amefikisha ujumbe wote, pamoja na habari za mti. Mama alikuwa tayari amefunikwa. Ziada aliyakagua matawi kwa jicho lile lile analokagulia mishono ya magauni sokoni.

"Mti unashika vizuri," alisema. "Mimi mikono ilikuwa ikifa ganzi, nikilegeza unanigombeza."

"Hausemi," mama akajibu kutoka gizani.

"Na wewe, mama! Mti utajulia wapi umbea, nao hauendi popote?"

Sikuzani alicheka mpaka akakohoa. Ziada aliketi mkekani, akamsimulia kuhusu robota la mitumba lililofunguliwa likakutwa limejaa makoti ya baridi kali, na wanawake wa sokoni walivyoyagombania hivyo hivyo. Mama aliitikia kila pahali palipostahili. Maji yalikuwa yamepoa zamani, lakini hakuomba kufunuliwa.

Honi ililia barabarani. Ziada akasimama.

"Nilikuwa silali, mama. Nilikuwa nasema, yuko peke yake kule. Kumbe una mtu."

"Utakuja lini tena?"

"Nikipata nafasi."

Alimwachia blanketi alilolichagua mwenyewe kwenye marobota, pana, la kumtosha yeye na mti.

Habari zilienea, na hakuna aliyezishangaa. Wanawake waliozoea kuingia kwa Sikuzani wakirudi kuteka maji, kumtazama anaendeleaje, sasa walimsalimu kutoka njiani na ndoo zao kichwani. Walisema inatia moyo kuona mtu mzima hakuachwa.

Mafua yalipona, kisha yakarudi, maana kusi ilikuwa haijaisha. Sikuzani akainjika sufuria. Mti uliingia bila kuitwa. Blanketi jipya lilikaa barabara, na safari hii hakuna mvuke hata kidogo uliotoka.

Ndani kulikuwa kimya. Sikuzani aliinama, akangoja kusemeshwa. Kisha akaanza kusimulia jinsi mikorosho ya Hamudi ilivyopata salfa na sasa inatoa maua. Alipofika katikati alinyamaza, ili aliye nje apate nafasi ya kusema lolote. Halafu akajiitikia mwenyewe, akaendelea.