Wenzo Mwepesi kwa Mkono wa Ardith

Dewey Strand aliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi bila kuvua kofia, nikajua kaja kunichokoza. Huyu ndiye aliyemwoa mke wangu. Haya basi, mtalaka wangu. Mwaka wa nne huu na ulimi wangu bado haujazoea.

"Fundi, nataka bunduki ya wenzo. Ya mashindano. Iwe nyepesi kukoki."

"Una mikono kama ya fahali wewe, nyepesi ya nini?"

"Si yangu, ni ya Ardith. Na usinitolee macho. Ungekuwa na mwenzako mmoja tu wa kazi hii kati ya hapa na mpaka wa New Mexico, nisingekanyaga humu."

"Mlango ulioingilia ndio huohuo wa kutokea, bwana."

Hakutoka. Akanyoosha kidole kwenye bunduki nene iliyoning'inia nyuma yangu, eti inapendeza. Nikacheka kwa makusudi ili aumie. Nikamwambia hiyo ni ya kuwinda paa, siyo ya mchezo wetu wa makauboi, ambapo mtu anavaa kama babu wa babu yake na kupiga vibao kumi vya chuma huku saa inamhesabia. Mchezo huo unataka modeli ya sabini na tatu, yaani ya mwaka 1873, mtutu mfupi, risasi ndogo za kipimo cha thelathini na nane zisizopiga teke bega. Wenzo, yaani ule mkono wa chini unaousukuma na kuuvuta ili risasi ipande, unaviringishiwa ngozi laini. Halafu fundi anafungua ubavuni na kulegeza springi mbili. Hapo hata bibi kizee anakoki.

"Legeza sana," Dewey akasema. "Vidole vyake viwili havikunjiki. Mashine ya kufunga majani ilimminya, si unajua?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Nani tena?"

Mashine gani! Ulikuwa mlango wa pikapu, na aliyeubamiza ni mimi, kwa hasira, huku naviona vidole vyake pale. Naviona, nasema, sikukosea. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja aseme. Watu wa hapa wangesikia, nisingepata mteja hata wa kufunga skrubu. Na kumbe mwanamke kanyamaza hata kwa mume wake.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilipandwa na hasira. Nilijiambia, anamtuma huyu bwege kwa sababu hataki hata kuniona, basi atakuja mwenyewe, kwa miguu yake. Nikaishusha sabini na tatu moja rafuni, nikaifungua, nikazitazama springi zake kali za kiwandani, nikazirudisha vilevile. Ngozi niliiviringisha vizuri sana, ili ionekane nimefanya kazi.

Dewey alipoifuata Ijumaa aliikoki mara tatu palepale kaunta. Bwege kweli! Miaka mitatu kwenye mchezo na bado anajaribu bunduki isiyo na risasi, kwa mkono wake mwenyewe, kisha anasema, "Laini kama siagi." Sikumsahihisha. Nilipokea dola zangu.

Jumamosi nilisimama nyuma ya kamba na watazamaji wengine. Ardith alikuja na sketi ndefu na buti zake za zamani. Saa ikalia. Kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vikapiga kelele. Kwenye cha nne wenzo ukagoma katikati. Akavuta tena, uso ukakunjamana.

"Vuta, mama, vuta!" Dewey akapiga kelele. Mtu mmoja nyuma yangu akasema wanawake wengine wangebaki kwenye kukaanga bekoni. Wakacheka. Ardith aliiweka bunduki mezani, wenzo wazi kama sheria inavyotaka, akageuka. Kati ya watu wote wale macho yake yalinitafuta mimi.

Saa nane mchana alikuwa dukani. Dewey alibaki nje ndani ya pikapu, injini inanguruma ili kiyoyozi kisizime. Ardith akaitupa bunduki juu ya kaunta.

"Umeziacha springi."

"Huenda zime..."

"Royce! Nimelala na fundi bunduki miaka kumi na tisa. Nyoosha vidole viwili kama vyangu, usivikunje. Nyoosha! Tia risasi za bandia kumi, ukoki kwa vilivyobaki."

Nikakoki. Ya tano ilinishinda, kiungo cha kidole kikawaka moto. Yeye akanitazama tu, wala hakucheka.

"Sasa itengeneze. Nangoja."

Nilifanya kazi nusu saa, jasho linanitoka, naye kasimama, kiti kakikataa. Nililegeza springi mpaka wenzo ukawa unashuka karibu kwa uzito wake wenyewe. Akaijaza, akaikoki mara kumi bila kusita. Risasi za bandia zikatapakaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anapumua vizuri, nikajisikia mwizi.

"Ardith," nikasema, "kuhusu ule mlango. Nisamehe."

"Ulidhani nilinyamaza ili nikulinde wewe? Nilikuwa naona haya, Royce. Mimi! Wewe ufanye unyama, haya nione mimi, miaka minne nasingizia mashine." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Leo wamenicheka kwa ajili yako. Basi, inatosha. Dewey anajua leo, na watu wote watajua."

"Nitafunga duka."

"Funga."

Akatoka na bunduki yake. Kupitia dirishani nilimwona anaiweka kiti cha nyuma, halafu hakupanda. Alisimama upande wa Dewey, akaongea, akamwinulia mkono. Dewey aliushika na kuutazama kidole kimoja kimoja, taratibu. Kisha akazima injini, akavua kofia, akaiacha juu ya usukani na kushuka. Nilikuwa na wakati wa kutosha kabisa wa kujifungia kwa ufunguo. Sikujifungia.