Ametania, Cheka Kidogo

Mkalimani wa hospitali alikuwa amechoka tangu asubuhi, na uchovu wake haukuwa wa miguu. Ulikuwa wa ulimi. Kutwa nzima alibeba maneno ya watu wengine, ya kuumwa na ya kuogopa, na akifika nyumbani mume wake alisalimiwa kwa kichwa tu.

Mzigo mzito kuliko yote ulikuwa mizaha ya daktari mgeni. Mtu mwema, lakini hakuweza kushika tumbo la mgonjwa bila kutania, na utani wake ukitiwa katika Kiswahili ulidoda kama chai ya jana. Mwanzoni mkalimani alijitahidi kuufafanua. Kisha akapata njia ya mkato: daktari akimaliza, yeye huinama na kusema, "Ametania. Cheka kidogo." Mgonjwa akacheka, daktari akafurahi, kazi ikasonga. Wodi nzima ilishazoea.

Aliyecheka vizuri kuliko wote alikuwa Fundi Bawaba, mzee wa kutengeneza milango. Ini lake lilikuwa linamtupa mkono, tumbo likijaa maji, na mara kwa mara alikuja yatolewe. Ombi lake kwa mkalimani lilikuwa moja. Alikuwa anamtengenezea binti yake mlango, bado kutia bawaba na kitasa.

"Siku daktari akisema basi, mwanangu, usinizungushe. Niambie palepale, nikamalize mlango."

Mkalimani aliahidi, maana ahadi ya siku nyingine ni nyepesi mdomoni.

Mchana huo, maji ya tumboni mwa Fundi yakichuruzika taratibu kwenye mfuko, daktari akaanza kueleza asili ya neno la Kiingereza *humour*, yaani ucheshi. Zamani, alisema, lilimaanisha majimaji tu. Waganga wa kale waliamini mwili una majimaji ya aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ana tabia njema. Aina moja ikizidi, anakuwa kioja. Watu wakavicheka vioja hivyo, na polepole neno likahama tumboni likaenda kwenye kicheko.

Hayo yalitafsirika. Fundi aliyasikiliza yote, akautazama mfuko uliojaa. "Kumbe. Basi mwambie anamwaga mali yangu."

Mkalimani alicheka kweli, akayavusha maneno, na daktari naye akacheka hadi akafuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza utani kuvuka salama. Kisha daktari, tabasamu halijamtoka, akatazama majibu ya vipimo aliyoletewa. Akasema kwa upole kwamba ini limekwisha, hakuna dawa tena, mzee arudi nyumbani akakae na watu wake.

Fundi akamgeukia mkalimani na uso uleule wa furaha, akauliza kasemaje.

Mkalimani alijua la kusema. Hakuwa na nguvu ya kulisema. "Ametania," alijibu. "Cheka kidogo."

Fundi akacheka kwa sauti, kama kawaida yake. Daktari alipigwa na butwaa. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akaubana, akaondoka.

Fundi aliutazama mkono wake kwa muda. "Mwanangu," alisema, "huyu hajawahi kunishika mkono kwa utani. Hebu rudia alichosema."

Mkalimani, ambaye kazini hakuwahi kuketi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliona aibu hata kumtazama. Akasema yote, mpaka lile neno "nyumbani".

Fundi akataka kujua daktari alikielewaje kile kicheko.

"Amekuona jasiri, baba."

"Basi mwache na lake. Mpigie binti yangu, mwambie narudi leo kumalizia mlango. Akikuuliza daktari kasemaje, mwambie ametania."

Mkalimani akatoa simu. Binti aliitika upesi, na swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo.