Mguu wa L

Palikuwa na mchora mabango mmoja, mfupi na mbishi, ambaye watu walimwita Nukta. Huyu aliipenda aina moja ya herufi kuliko usingizi. Nguzo za herufi hiyo, yaani mistari yake ya wima, zilikuwa nene kama mihimili ya nyumba, mistari yake ya kuunganisha myembamba kama uzi wa sindano, na kila ncha imevishwa kikofia.

"Herufi yenye mabega na kiuno," alizoea kusema.

Shangazi yake alipofungua mkahawa, akamwomba bango. "Lionekane toka njia panda, mwanangu."

"Litaonekana hata na vipofu, shangazi."

Akachora kwa rangi nyeusi juu ya ubao mweupe: MAHALI PA KULA. Lilipendeza mpaka mwenyewe akawa analizungukazunguka kama bibi harusi.

Siku ya kufungua, sufuria zilichemka na harufu ikatembea mtaa mzima, lakini mteja hata wa dawa hakuonekana. Watu walisimama ng'ambo ya barabara, wakasoma, wakatazamana, wakakaza mwendo. Mzee mmoja alivua kofia kwa heshima. Mwishowe akaingia seremala, futi mkononi.

"Poleni, mama. Naulizia kama mna mtu wa kuwatengenezea majeneza."

"Majeneza ya nani?"

"Ya wateja."

Shangazi aliweka mwiko chini, akamshika Nukta sikio, akamvusha barabara.

"Soma!"

Nukta akatazama. Jua lilikuwa limeimeza mistari yote myembamba. Mguu wa L ya KULA haupo, imebaki nguzo tupu kama F iliyopoteza mikono, na macho ya watu yamejijazia yenyewe.

"Mahali pa... kula."

"Soma vizuri."

"Lakini ukisogea karibu, shangazi..."

"Mwenye njaa hasogei karibu na asichokielewa! Soma!"

"Pa kufa," akasema Nukta, kwa sauti ya mshtakiwa.

Shangazi akadai brashi auneneshe ule mguu mwenyewe. Nukta akauzuia ubao kwa mwili wake. "Ukiunenesha tu, herufi imekufa!"

"Bora ife herufi kuliko biashara yangu."

Wakavutana, hata wakaafikiana. Nukta alichora bango jingine la herufi za kawaida, nene kote kama magogo, huku amenuna. La kwanza likatundikwa ndani, juu ya meza, mahali ambapo mtu hulitazama akitafuna.

Kufika mchana viti vilijaa. Seremala alikula, akaongezwa, akashiba, ndipo akainua macho ukutani.

"Nani kaandika haya? Binti yangu anaolewa. Nataka kadi zake ziandikwe hivihivi."

Nukta alimtazama shangazi kwanza.

"Mwandikie," shangazi akasema, akifuta meza. "Kadi hushikwa mkononi. Lakini bango la ukumbini usiliguse, tusije tukazika bwana harusi."